Kusimulia, Kuhadithia na Kutamba

Ukiulizwa "Masimulizi ni nini?", usikimbilie kujibu kuwa ni hadithi za kubuni zinazotolewa kwa mdomo. Jibu hilo ni nusu tu, na linawapunguzia wengi alama. Anza na vitenzi vyenyewe.

Hadithia limetokana na nomino hadithi, neno la Kiarabu lenye maana ya mazungumzo au habari. Asili yake haina ubunifu wowote: Waislamu huita Hadithi habari za maneno na matendo ya Mtume. Ni katika fasihi simulizi ndipo neno hili limeelekea zaidi kwenye visa vya kubuni.

Simulia ni pana zaidi. Ni kueleza tukio kwa mfuatano, liwe la kweli au la kubuni. Hata shahidi wa ajali husimulia. Kiingereza nacho kina jambo linalofanana na hili. Kitenzi tell hapo kale kilimaanisha kuhesabu, na mpaka leo mhesabu fedha wa benki huitwa teller. Anayehesabu hupanga vitu kimoja baada ya kingine, na msimulizi hupanga matukio vivyo hivyo.

Sasa chukua mfano wa Morogoro. Babu wa Kiluguru anawaeleza wajukuu jinsi Kisabengo alivyojenga mji wenye ngome chini ya milima ya Uluguru katika karne ya 19, kisha binti yake, Simbamwene, akatawala. Hapo anasimulia. Stanley alipita katika mji huo mwaka 1871 na kuandika habari zake, kwa hiyo si jambo la kubuni. Babu akishikilia matukio halisi, ametoa mapisi. Akimtia Kisabengo nguvu za ajabu, ameingia kwenye kisakale. Usiku huohuo akianza "Hadithi! Hadithi!", wajukuu wakaitikia, naye akaigiza sauti ya fisi anayelaghaiwa na sungura, sasa anatamba ngano. Kutamba kunadai utendaji na hadhira inayoshiriki.

Mulokozi (1989) ameweka hadithi na salua pamoja chini ya masimulizi. Ngano ni hadithi. Mapisi na visakale ni salua. Kwa hiyo katika mtihani andika kwamba masimulizi hueleza matukio kwa mpangilio fulani, ya kubuni au ya kweli, kisha toa mfano mmoja wa kila upande.