Bakuli Ling'aalo na Usalama wa Chakula

Chungu cha wafinyanzi wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa, hakina utando wa kioo. Huchomwa kwa moto wa wazi na kubaki na vinyweleo. Ndiyo sababu mtungi wa namna hiyo huyapoza maji. Bakuli ling'aalo dukani ni jambo jingine: limepakwa uji wa mchanga laini na madini, kisha likachomwa katika tanuri hata uji huo ukayeyuka na kuwa kioo.

Mchanga pekee huyeyuka kwa joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi, ambalo udongo wa kawaida haulistahimili. Kwa hiyo mfinyanzi huchanganya kiyeyushi. Risasi ni kiyeyushi chepesi kutumia, nayo hutoa mng'ao wa kuvutia mno. Hapo ndipo mnunuzi apaswapo kuwa macho. Utando usipochomwa ipasavyo, risasi huingia katika chakula, hasa kilicho kichachu: ndimu, ukwaju, siki, achari. Mlaji hawezi kuitambua kwa ladha. Hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kilicho salama.

Muulize muuzaji iwapo chombo kilitengenezwa kwa ajili ya chakula, na jibu liandikwe kwenye risiti. Asipokuwa na hakika, chombo hicho kiwe pambo la sebuleni. Chenye utando uliopasuka au unaobanduka kisipakuliwe chakula kamwe. Kukichemsha hakuiondoi risasi.