UKITUA BUKOBA, POCHI ISILIE!

Mshikaji, mara ya kwanza kutua Bukoba nilijitia mtu wa mjini. Nikaingia mgahawa wenye vitambaa mezani, nikaagiza sato bila kuuliza bei. Bili ilipokuja, nauli ya kwenda Muleba kumwona bibi anayeumwa ikaliwa yote! Nilifika kesho yake, kwa hela ya kukopa. Tangu siku hiyo nina masharti matatu.

Kwanza, wafuate makonda na wabeba mizigo wa stendi na sokoni. Hao hawana hela ya kuchezea. Wanapojazana saa saba mchana, ujue sahani inajaa.

Pili, kula cha kwao: ndizi na maharage, au ndizi na samaki wa Ziwa Victoria. Havijasafiri mbali, ndiyo maana bei ni poa. Chipsi si hata kwenu zipo? Novemba na Desemba, omba senene.

Tatu, uliza bei ukiwa umesimama. Ukishakaa, aibu itakulipisha.

Muleba nako, mabasi yanaposimama ndipo masufuria yanapochemka. Shushia na kahawa ya kutafuna, nauli ikiwa mfukoni. Bibi anasubiri, ati!