Birika ya bluu na ukuta wa makala

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama zetu mnaobaki nyumbani wakati sisi tuko mu shimo, leo siandiki juu ya bei ya koltani. Naandika juu ya birika ya kahawa.

Siku moja nilirudi Kibati kutoka kazini, nikakuta kijana wangu wa miaka 9 amechafua ukuta wetu wa mbao na makala. Nilimchapa palepale. Mama yake akaniambia: «Papa watoto, ungetazama kwanza ile kitu amechora.»

Nikatazama. Mabote yangu, bidon ya maji na birika, vyote juu ya meza. Mtu hakuwamo, lakini mimi mwenyewe nilijiona pale, na uchovu wangu wote.

Kesho yake mwalimu wake alinionyesha picha katika kitabu. Wafaransa wanaita kazi ya namna hii «nature morte»: mchoraji anapanga vyombo, matunda ao viatu, kisha anavipaka rangi. Picha ile ilipakwa na Vincent van Gogh, Muholanzi, katika mji wa Arles, Ufaransa, mwezi wa 5 mwaka 1888. Inaonyesha birika ya bluu, vikombe, majagi, machungwa 2 na malimau 3. Basi.

Vitu vya maskini, lakini jicho halitoki pale. Kwa nini? Kitambaa cha meza ni bluu, birika ni bluu, na nyuma yake ukuta ni manjano. Mchoraji mwenyewe alihesabu bluu 6 za namna mbalimbali, na manjano na machungwa namna 4 ao 5. Bluu peke yake ingelala. Manjano ikikaa karibu, njo inaamka. Na maumbo iko vile vile: birika imesimama ndefu, vikombe ni vifupi, matunda ni mviringo chini yao. Kila kitu kinasaidia jirani yake kuonekana.

Sisi wachimbaji tunajua jambo hilo. Jiwe moja mkononi linadanganya. Unaliosha, unaliweka karibu na lingine, mchana, ndipo rangi inasema. Kwa hiyo nawaambia kila siku: musiuzishe usiku kwa mwangaza wa tochi ya mnunuzi. Anayejua kutazama haibiwi upesi.

Kuna jambo lingine lilinigusa. Kabla ya kuwa mchoraji, Van Gogh alienda Ubelgiji, Borinage, kuhubiri kati ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Alifika mwisho wa mwaka 1878. Mwaka 1879 alishuka katika mgodi wa Marcasse, mita 700 chini. Aligawa nguo zake, akahudumia wagonjwa na walioumia. Wakubwa wa dini waliomtuma waliona amepita kiasi, hawakumwongezea muda. Ni kulekule, mwaka 1880, aliamua kuwa mchoraji. Naona mtu aliyekaa na wachimbaji anajua thamani ya kikombe cha kahawa ya moto kisha kazi.

Na ile bluu? Kati ya rangi alizotumia katika kazi yake kulikuwa bluu ya kobalti, ambayo Mfaransa Thénard alitengeneza mwaka 1802. Kobalti ya wakati ule haikutoka kwetu. Lakini leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inachimbwa hapa Congo, Lualaba na Haut-Katanga. Watu wanasema juu ya betri tu. Ni vizuri watoto wetu wajue kama madini inatoa pia rangi, na kama nyuma ya rangi kuna mikono ya mtu.

Nilipotoka kwa mwalimu nilipita sokoni, nikanunua kreyo za rangi. Kijana alichagua kwanza manjano, akapaka bidon. Kisha akachukua bluu kwa birika, ingawa birika yetu ni nyeusi kwa moshi. Nikamuuliza sababu. «Papa, nikiiacha nyeusi, haitaonekana karibu na mabote.»

Nilimwomba msamaha kwa zile fimbo. Ukuta hatujaufuta. Wewe ndugu ukirudi nyumbani na ukute makala ku ukuta, tazama kwanza.