Mtoto wa Mbwa Afunzwe Mahali pa Kujisaidia

Wapo wakazi wanaouliza: mbwa wetu hulala uani wala haingii sebuleni, kumfunza mahali pa kujisaidia kuna faida gani? Faida ipo, na inawahusu watoto wetu kuliko sakafu. Mtoto wa mbwa mara nyingi huzaliwa akiwa tayari na minyoo aliyoipata tumboni mwa mama yake. Mayai ya minyoo hiyo hutoka pamoja na kinyesi, na yakikaa udongoni kwa wiki 2 hadi 4 hukomaa na kuweza kumwambukiza binadamu. Mtoto achezaye mchangani kisha akatia vidole kinywani huyameza. Minyoo michanga husafiri mwilini, na ikifika jichoni huweza kuharibu uwezo wa kuona. Kinyesi kikiondolewa kila siku, mayai hayapati muda wa kukomaa uani.

Mfugaji achague pembe moja ya ua, mbali na kisima, jiko na mahali watoto wanapocheza. Ampeleke mbwa huko mara tu aamkapo, amalizapo kula, baada ya mchezo na kabla ya kulala. Mbwa wa miezi 2 hawezi kujizuia kwa muda mrefu. Mchana apelekwe kila baada ya saa 1 au 2. Akianza kunusanusa chini na kuzungukazunguka, asisubiriwe. Akimaliza haja yake, asifiwe papo hapo na kupewa kitu kidogo. Dagaa mmoja anatosha. Sifa ikichelewa, hatajua anasifiwa kwa lipi.

Desturi ya kumpiga au kumsugua pua katika uchafu wake iachwe. Haimfundishi mahali, humfundisha kujificha, na mwenye nyumba ataanza kuokota kinyesi nyuma ya magunia ya mahindi. Akikosea, paoshwe kwa maji ya sabuni hadi harufu iishe, kwa kuwa hurudi panaponuka mkojo wake. Kinyesi kichotwe kwa koleo, kitupwe chooni au kifukiwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Dawa ya minyoo huanza mapema, katika umri wa wiki 2, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi atimize miezi 3. Kipimo hutegemea uzito, hivyo afisa mifugo wa kata aulizwe badala ya kukisia. Akifikisha miezi 3 achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Kabla ya hapo asiachwe azurure.

Mbwa yeyote akimng'ata mtu, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kadi ya chanjo ya mbwa itunzwe ndani ya nyumba mahali pasipofikiwa na mvua wala mchwa, kwani ndiyo itakayoulizwa kwanza siku mtu atakapong'atwa.