Chupa 11 Juu, na Soli Je?

Mimi ni fundi viatu, Ilala, hatua chache kutoka soko la Karume, na raba nazijua kuanzia chini. Mteja haniletei kiatu kwa sababu kitambaa kimechuja rangi. Huniletea kwa sababu soli imeachama. Siku hizi kwenye mitumba zinapatikana raba zenye maandishi kwamba zimetengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa, na vijana wananiuliza kama ni kweli au ni maneno ya biashara. Ni kweli. Ila ukweli wenyewe mara nyingi uko juu tu, na mimi riziki yangu iko chini.

Tuanze huko juu. Chupa ya maji ya dukani na uzi wa polista asili yao ni moja. Chupa huondolewa vifuniko na lebo, huoshwa, husagwa kuwa chenga, kisha chenga huyeyushwa. Ule uji wa moto husukumwa kwenye matundu membamba ukatoka nyuzi, na mashine hufuma sehemu ya juu ya kiatu ikiwa umbo zima, bila vipande vingi vya kukata na kutupa. Ndivyo walivyofanya Adidas na shirika la Parley for the Oceans. Mwaka 2016 walitoa pea 7,000 za raba za kukimbilia, plastiki yake imeokotwa Maldives, kwenye Bahari hii hii ya Hindi. Kwa hesabu yao wenyewe, kila pea ilikula chupa kama 11. Bei yake: dola 220. Wale vijana wetu wanaopita na viroba wakiokota chupa wakisikia bei hiyo watadai mgawo wao.

Sasa kigeuze kiatu. Utakuta tabaka la sponji, na chini yake mpira wa kukanyagia, vyote vimegandishwa kwa gundi. Sponji nyingi hutokana na mafuta ya petroli, na ile ya poliuretheni ina adui mmoja mkubwa, unyevu. Mtu anaitunza raba yake kabatini miaka, anaitoa siku ya harusi ya mdogo wake, na soli inamumunyuka kama biskuti kabla hajafika ukumbini. Anadhani kauziwa feki. Wala si feki. Unyevu wa pwani umeila sponji ndani kwa ndani wakati juu bado kunang'aa, na zile chupa 11 haziwezi kumsaidia.

Mpira nao una ukaidi wake. Mmarekani Charles Goodyear alipata hataza mwaka 1844 kwa ujuzi wa kuupika mpira pamoja na salfa, na mpira ukishapikwa hivyo hauyeyuki tena ukafinyangwa upya kama plastiki ya chupa. Utaukata au utausaga. Nike wamekuwa wakikusanya raba chakavu tangu miaka ya 1990 na kuzisaga, na chenga nyingi zimeishia kutandikwa kwenye viwanja vya michezo. Ni kazi nzuri, sibishi, lakini uwanja hauvaliwi mguuni.

Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliichambua pea moja ya raba za kukimbilia. Walikuta vipande 65, hatua za utengenezaji zaidi ya 360, na kilo 14 hivi za hewa ya ukaa. Zaidi ya theluthi mbili ya hewa hiyo ilitoka kwenye kazi ya kiwandani. Maana yake, hata uzi ukiwa wa chupa tupu, moshi mwingi umeshapanda kabla hujafunga kamba. Ukiivaa raba hiyo miaka minne badala ya miwili, moshi ule ule umekutumikia mara mbili.

Adidas walijaribu njia nyingine mwaka 2019. Walionyesha Futurecraft.Loop, raba ya malighafi ya aina moja, isiyo na gundi, inayoweza kusagwa nzima na kuyeyushwa. Wazo zuri sana, ila linadai kiatu kirudi kwa aliyekitengeneza. Raba iliyofika Karume ndani ya belo hairudi Ulaya. Ikinipita mimi, safari yake inaishia dampo la Pugu.

Ndiyo maana namvulia kofia Bethlehem Tilahun Alemu wa Addis Ababa. Kampuni yake, soleRebels, imeuza hadi ng'ambo viatu vyenye soli za matairi chakavu, kwa kufuata viatu vya matairi walivyovaa Wahabeshi tangu zamani. Hakuhangaika kuyeyusha kisichoyeyuka, alikata tu. Sisi tuna katambuga, Wakenya wana akala, na hapa kibandani kisigino kilicholika nakitibu kwa kipande cha tairi, msharasi na uzi wa nailoni. Tairi lililobeba lori litashindwaje kumbeba mtu?

Basi ukienda kununua raba, lebo isome mwisho. Kwanza igeuze, ikunje, bonyeza sponji kwa kidole gumba, uangalie kama soli imeshonwa pembeni au imegandishwa tu. Ikiwa imegandishwa tu, kaza kwenye bei, na chenji itakayobaki usiile. Niletee niishone mapema, kabla haijaachama.