HISA ZA KOMPANYI ZA TEKNOLOJIA: PIMA MBELE YA KULIPA



Siku hizi kila mwenye simu anapokea ujumbe: «Nunua hisa za kompanyi ya teknolojia, utatajirika mbio.» Vijana wanatuuliza kisha ibada: «Pasta, ile maneno ya hisa ni kweli ao ni bongo?»

Jibu ni hili: hisa ni jambo la kweli. Lakini kompanyi ni kitu kimoja, na bei ya hisa yake ni kitu kingine. Watu mingi wanaangalia kompanyi tu, hawaangalii bei. Ndiyo fasi pesa ya minervali inapotelea.

HISA NI NINI?

Hisa, wenye kusoma Kifaransa wanaiita akshoni, ni kipande cha kompanyi. Ukiwa nayo, wewe ni mwenye mali pamoja na wengine. Kompanyi ikipata faida, inaweza kukugawia sehemu. Ikipata hasara, hakuna mtu wa kukurudishia pesa.

Sisi watu wa Kolwezi, Likasi na Fungurume tunapaswa kufahamu jambo hili upesi. Mchimbaji akileta gunia la mawe, mnunuzi halipi juu jiwe ni la kijani kizuri. Anaweka gunia kwenye kilo, kisha anapima kiwango cha shaba ao cha kobalti. Magunia mawili ya uzito mmoja yanaweza kuwa na bei mbalimbali kabisa. Kwa hisa iko vile vile. Jina kubwa la kompanyi ni rangi ya jiwe. Faida ndiyo kiwango.

NAMNA YA KUPIMA

Tutwae mfano wa jirani zetu wa Kenya. Sisi wote tunajua M-Pesa. Ilianza kule mwaka 2007 kwa kompanyi ya simu iitwayo Safaricom. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kompanyi ile kwa raia na kwa wengine, kila hisa shilingi 5. Watu zaidi ya 800,000 walileta maombi: walimu, wachuuzi, wakulima. Hisa walizoomba zilizidi zaidi ya mara nne zile zilizouzwa.

Shilingi 5 inaonekana ni kidogo. Lakini hisa zote za kompanyi zilikuwa bilioni 40. Zidisha kwa 5: kompanyi yote ilihesabiwa shilingi bilioni 200. Faida yake ya mwaka uliokwisha Machi 2008 ilikuwa karibu bilioni 14. Gawanya 200 kwa 14, unapata 14 na kitu. Maana yake, mnunuzi alilipia faida ya miaka 14 hivi. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza: bei ya kompanyi yote, gawanya kwa faida ya mwaka mmoja. Mtoto wa shule anaweza kuifanya.

Sasa tuangalie Marekani. Mwezi wa Machi 2000, watu walikuwa na wazimu wa intaneti. Kompanyi Cisco, inayotengeneza mashini za kuunganisha kompyuta, ilihesabiwa zaidi ya dola bilioni 500. Kwa muda mfupi ilipita kompanyi zote za dunia. Faida yake ya mwaka ule ilikuwa karibu dola bilioni 2.7. Fanya hesabu ileile: ni miaka zaidi ya 180! Nani ataishi miaka ile yote akingojea pesa yake?

Hisa ya Cisco ilikuwa karibu dola 80. Katika Oktoba 2002 ilianguka chini ya dola 10. Na Cisco haikuwa kompanyi ya wezi. Mashini zake zilikuwa nzuri, na inafanya kazi hata leo. Lakini bei ya mwaka 2000 ilichukua zaidi ya miaka 20 kurudi. Kitu kizuri ukikinunua kwa bei mbaya, ni hasara.

KOMPANYI ISIYO NA FAIDA BADO

Kompanyi mingi za teknolojia zinaanza bila faida. Hapo uliza: Mauzo yake yanakua kila mwaka? Pesa iliyobaki kwa banki itatosha miezi mingapi? Deni ni ngapi? Amazon ilipata faida ya mwaka mzima mara ya kwanza mwaka 2003; hisa yake ilikuwa imeshuka toka dola zaidi ya 100 mwaka 1999 mpaka chini ya dola 6 mwaka 2001. Ile ilipona. Lakini Pets.com, iliyouza chakula cha mbwa na paka kwa intaneti, ilianza kuuza hisa Februari 2000, na Novemba ya mwaka uleule ikafunga milango. Watu wanapenda kutaja ile iliyopona. Zilizokufa hawazitaji.

PESA YA DENI HAIWEZI KUNGOJEA

Turudi kwa Safaricom, maana somo kubwa liko hapo. Siku ya kwanza katika soko, Juni 2008, bei ilipita shilingi 7. Furaha mingi! Lakini dunia iliingia katika shida ya mabanki, na faida ya kompanyi ilipungua. Bei ikaanguka chini ya shilingi 4.

Wengi walikuwa wamekopa kwa banki ili wanunue. Banki haingojei bei ipande. Kila mwezi inataka pesa yake na riba. Mtu wa namna hii analazimishwa kuuza wakati wa hasara. Aliyenunua kwa pesa yake mwenyewe, isiyo ya chakula wala ya shule, aliweza kutulia. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Na katika 2023 na 2024 kompanyi iligawia shilingi 1.20 kwa kila hisa kila mwaka, juu ya hisa aliyonunua kwa 5.

Lakini angalia! Aliyenunua mwaka 2021 kwa 40 alilipia miaka 23 ya faida. Mwisho wa 2023 hisa yake ilikuwa chini ya shilingi 15. Kompanyi ni ileile, M-Pesa ni ileile.

Na sisi tunaohesabu kwa dola tukumbuke jambo lingine. Mwaka 2008 dola moja ilikuwa shilingi 60 na kitu; mwanzo wa 2024 ilipita 150. Hisa ikipanda na pesa yake ikashuka, faida inapungua.

HATI ZA DENI NA MIFUKO YA PAMOJA

Kuna pia hati ya deni: unakopesha kompanyi, nayo inapaswa kukulipa riba kwa siku iliyopatanwa. Kompanyi ikifa, wenye deni wanalipwa mbele. Wenye hisa wanakuja mwisho, na mara mingi hawakuti kitu.

Kuna tena mfuko wa pamoja. Watu wanaunga pesa, mfuko unanunua hisa za kompanyi mingi. Moja ikianguka, zingine zinashika. Kwa mtu asiye na wakati wa kusoma hesabu, ni njia bora kuliko kuweka yote fasi moja. Lakini hata mfuko, ukiwa wa teknolojia tupu, unaweza kushuka sana. Soko la Nasdaq, lenye kompanyi mingi za teknolojia, lilipoteza zaidi ya robo tatu ya bei yake toka Machi 2000 mpaka Oktoba 2002.

TUSISAHAU BINDO

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1991, wakati nchi iliitwa Zaire. Bindo Promotion ilikusanya pesa za watu kwa ahadi ya faida kubwa ajabu. Waliotangulia walilipwa kwa pesa ya waliofuata. Wapya walipopungua, kila kitu kilianguka, na familia zikalia.

Hisa ya kweli haikuahidi kitu. Ina hesabu zilizoandikwa, na wakala mwenye ruhusa ya serikali. Mtu akikuahidia pesa mara mbili kwa mwezi mmoja, na kukuomba ulete rafiki zako, usimwite mwuza hisa. Ni Bindo yenye simu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kompanyi hii inauza nini? Tunaweza kumweleza bibi?
2. Tunalipia miaka mingapi ya faida?
3. Pesa hii inaweza kungojea miaka mitano bila mtoto kufukuzwa shuleni?
4. Ikipotea nusu, tutalala usingizi?

Kama jibu la swali la tatu ao la nne ni hapana, basi hata hisa iliyo bora haijakuwa yenu bado. Lipeni kwanza deni, wekeni akiba ya ugonjwa, somesheni watoto. Soko la hisa litakuwako hata mwaka ujao.