SAFARI NDEFU KATIKA KIIGAJI CHA URUBANI: MFANO WA NJIA YA BRUSSELS–LÉOPOLDVILLE, 1925

1. Utangulizi

Tarehe 12 Februari 1925, ndege ya injini tatu aina ya Handley Page iliondoka katika uwanja wa Haren, karibu na Brussels, ikielekea Kongo. Ndani yake walikuwamo watu watatu: Edmond Thieffry, kiongozi wa safari, Léopold Roger, rubani mwenzake, na Jef De Bruycker, fundi wa mitambo. Walitua Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku ya 51 tangu kuondoka. Walikuwa wameruka kilometa 8,124, na muda waliokaa hewani ulikuwa saa 75 na dakika 25.

Leo mtu aweza kuifuata njia hiyo akiwa ameketi nyumbani mbele ya kompyuta. Wako watu wengi duniani wanaofanya safari za namna hii kwa majuma na miezi, wakifuata nyayo za marubani wa zamani, mkondo wa mto au njia ya posta. Makala haya yanaeleza jinsi safari hizo zinavyopangwa na elimu inayopatikana humo. Aidha, yanajadili mambo ambayo mashine huyaacha nje, kwani thamani ya safari hutegemea namna msafiri anavyoyarudisha.

2. Kiigaji ni nini?

Kiigaji cha urubani ni programu inayokokotoa, mara nyingi kwa kila sekunde, nguvu zinazoikabili ndege: uzito wake, msukumo wa injini, ukinzani wa hewa na nguvu ya mabawa inayoinyanyua. Kisha humwonyesha mtumiaji nchi iliyo chini yake na saa za vipimo zilizo mbele ya rubani.

Bruce Artwick, Mmarekani, alitengeneza programu ya namna hii kwa ajili ya kompyuta za Apple II mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa ya kwake, iliyotokana na kazi ya Artwick. Dunia ya programu hiyo ilikuwa na sehemu nne tu, zote za Marekani: Chicago, New York pamoja na Boston, Seattle, na Los Angeles. Afrika haikuwamo kabisa.

Ardhi iliyomo katika viigaji vya leo imetokana kwa kiasi kikubwa na upimaji. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kilipima kwa rada miinuko ya nchi kavu kuanzia latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Kwa miaka mingi umma ulipewa vipimo vya kila meta 30 kwa Marekani, na vya kila meta 90 kwa sehemu nyingine. Mwaka 2014 ndipo ilipotangazwa kwamba vipimo vya meta 30 vingetolewa kwa nchi nyingine pia, kuanzia Afrika. Hivyo basi, mlima au bonde linaloonekana katika kioo cha kompyuta limefika pale kwa sababu kuna aliyelipima na aliyeruhusu vipimo vitumike. Anayesafiri katika kiigaji husafiri ndani ya ramani, na kila ramani ina mwenyewe.

3. Kuipanga safari

Safari yenye mada hutofautiana na kurukaruka ovyo kwa mambo matatu: ina sababu, ina hatua zinazofuatana, na ina kumbukumbu iliyoandikwa. Kwa maana hii inastahili kuitwa safari, neno ambalo Kiswahili kimelitoa kwa lugha nyingi za dunia. Wasafiri wa misafara walihesabu mwendo kwa vituo: kutoka kambi hii hadi kambi ile, kutoka maji haya hadi maji yale. Msafiri wa kiigaji hufanya vivyo hivyo kwa viwanja na mafuta.

Katika mfano wetu, hatua kuu zinajulikana. Ndege ya mwaka 1925 ilipitia Ufaransa na Hispania, ikavuka bahari hadi Oran, ikaenda Colomb-Béchar, ikakata Sahara hadi Gao, kisha ikapitia Niamey, Zinder, Fort-Lamy, Fort-Archambault na Bangui kabla ya kufika Léopoldville. Hapa msafiri hukutana na kazi ya kwanza ya kitaaluma, nayo ni majina. Fort-Lamy ni N'Djamena tangu 1973. Fort-Archambault ni Sarh. Léopoldville ni Kinshasa tangu 1966. Hawezi kusafiri bila ramani mbili, ya wakati ule na ya leo, wala hawezi kuzilinganisha bila kujiuliza nani aliyaita mahali hayo hivyo, na watu wa hapo waliyaitaje kabla yake.

Jambo la pili ni ndege. Tukigawa kilometa 8,124 kwa saa 75 na dakika 25, tunapata wastani wa kilometa 108 hivi kwa saa. Ndege ya abiria ya siku hizi haifai, kwa kuwa ingemeza Sahara kwa saa mbili. Ndege ndogo kama Piper J-3 Cub, ambayo mwendo wake ni kilometa 120 hivi kwa saa, iko karibu zaidi na hali ya wakati ule, ingawa tangi lake ni dogo na huhitaji vituo vingi zaidi. Mwanafunzi anayeruka saa mbili kila Jumamosi atatumia Jumamosi 38 kumaliza njia yote.

Ama kuhusu gharama, viigaji vipya vinadai kompyuta yenye nguvu na intaneti ya kudumu. Hata hivyo ipo programu ya FlightGear, iliyoanza kutolewa miaka ya 1990, ambayo ni ya bure, na ramani zake zaweza kupakuliwa mapema.

4. Elimu iliyomo

Somo la kwanza ni upepo. Baina ya Béchar na Gao kuna zaidi ya kilometa 1,600 za jangwa. Ndege ikienda saa tatu huku upepo wa ubavuni ukivuma kilometa 30 kwa saa, na rubani asirekebishe dira yake, atajikuta kilometa 90 kando ya njia. Mwezi wa Februari ni msimu wa harmatani, upepo mkavu wa kaskazini-mashariki wenye vumbi linaloficha upeo wa macho.

Somo la pili ni joto. Hewa ya moto ni nyepesi. Injini hupungukiwa na nguvu na mabawa hunyanyua kidogo. Ndiyo maana ndege iliyojaa mafuta huhitaji uwanja mrefu zaidi saa nane mchana kuliko alfajiri.

Somo la tatu ni mito. Kuanzia Bangui rubani aweza kuufuata Ubangi hadi unapoingia katika mto Kongo, kisha akaufuata huo hadi Pool Malebo. Mwanafunzi aliyeufuata mto hivyo kwa saa kadhaa haelekei kusahau mahali mito hiyo inapokutana.

5. Siku zilizobaki ardhini

Saa 75 ni zaidi kidogo ya siku tatu. Siku nyingine 48 hivi za safari ya Thieffry zilipita ardhini: usiku, matengenezo, kungoja mafuta, vipuri na hali njema ya hewa. Kiigaji huzifuta siku hizo zote. Kwa kubonyeza kitufe, tangi hujaa katikati ya jangwa na injini iliyokufa hufufuka.

Pamoja na siku hizo hutoweka watu. Kumbukumbu za safari ile zimehifadhi majina ya wasafiri watatu. Lakini viwanja vya wakati wa ukoloni havikujifyeka, wala mapipa ya mafuta hayakujibeba. Katika kioo, uwanja hupatikana tayari, mtupu, bila mkono uliolima na bila kijiji kilichohamishwa. Hapo ndipo burudani yaweza kugeuka upotoshaji: Afrika ikabaki mandhari ya kupita juu yake.

Dawa si kuiacha safari. Wahenga walisema: mwenda pole hajikwai. Msafiri makini huzitumia siku za kungoja kwa kusoma habari za kila kituo, kuuliza wazee wanaokumbuka ujenzi wa viwanja vya kwao, na kuandika shajara.

6. Hitimisho

Kwa wanafunzi wa Kongo mada za nchini hazikosekani. Baina ya 1920 na 1922 ndege za majini za LARA zilifanya kazi kando ya mto, njia yake ikifika kutoka Léopoldville hadi Stanleyville, Kisangani ya leo. Ni zaidi ya kilometa 1,700 za maji, na mto wenyewe ndio uwanja. Safari hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, itadai maneno ya upepo wa ubavuni, ya mawimbi wakati wa kutua, ya ukungu wa asubuhi juu ya mto. Mengine yamo tayari vinywani mwa wavuvi na mabaharia. Mengine itabidi yaundwe. Kazi ya kuyakusanya ni ya idara za lugha, na haihitaji hata ndege.